Maji ya Kisogoni

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ipo saluni ya chumba kimoja ambayo mlangoni pake limetundikwa pazia zito, na juu ya pazia maandishi ya mkono yasemayo kwamba wanaume hawaruhusiwi kuingia. Ndani mna viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, drya mbili za kusimama, na sinki moja jeusi lenye mkato wa kuegemeza shingo. Mabuibui hutundikwa misumarini karibu na mlango. Wateja wengi huletwa na harusi, ama yao, ama ya ndugu, ama ya jirani. Hutiwa dawa, hupigwa pasi, hupakwa hina na piku, wakaondoka. Lakini wapo wachache, aghalabu watu wazima, ambao huja kwa jambo moja tu, nalo ni kukoshwa kichwa.

Wasusi watasamehe, lakini kazi hii wao wenyewe huidharau. Huachiwa mwanafunzi aliyeanza juzi, ambaye hufungua maji, humwaga shampuu, hukwaruza mara tatu nne kwa kucha, akafunga maji, ili mteja afike upesi mikononi mwa fundi. Mwenye saluni hii hakuwahi kumwachia mwanafunzi sinki. Wanafunzi wake hufunzwa kusuka, kutia dawa na kupiga pasi katika mwaka wa kwanza. Kukosha huja mwisho, na wengine huondoka kwenda kufungua saluni zao kabla hawajafika huko.

Kwanza hukikagua kichwa kikiwa kikavu. Huzigawa nywele kwa vidole, akatazama utosini, nyuma ya masikio na kisogoni, akitafuta kidonda, mba, au mahali nywele zilipoanza kunyonyoka kwa kusukwa kwa kuvutwa. Misuko hufumuliwa yote, na mafundo hutatuliwa kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kuelekea shinani, kwani fundo likirowa hukaza. Kisha taulo iliyokunjwa mara nne huwekwa katika mkato wa sinki, mteja hulala, na mkono mmoja wa msusi hubaki chini ya kisogo mpaka shingo itulie. Shingo haitulii kwa amri. Mtu husema ametulia ilhali kichwa bado amekibeba mwenyewe; mkono ulio chini ndio unaojua, kwa uzito unaouhisi. Maji hayafunguliwi kabla ya uzito huo kuja.

Maji yenyewe ameshayapima ndani ya kiwiko cha mkono wake, si kwa vidole, kwa sababu vidole vya msusi vimezoea moto na havisemi kweli. Huanzia mpaka wa paji la uso kurudi nyuma, na ubavu wa mkono wa kushoto husimama juu ya nyusi kama ukuta, tone lisiingie jichoni. Sikio hufunikwa kwa kiganja maji yakipita. Shampuu haimwagwi kichwani. Humwagwa kiganjani, ikasuguliwa hadi itawanyike, ndipo vidole vikaingia shinani. Hutumia nyama za ncha za vidole, wala si kucha. Kucha hukwaruza ngozi, na mteja akadhani anakunwa vyema mpaka jioni kichwa kianze kumwasha. Tena vidole hivyo havitelezi juu ya ngozi tu. Huishika ngozi yenyewe vikaizungusha taratibu juu ya fuvu, kuanzia kwenye panja, kupanda utosini, kushuka kisogoni, na kuishia katika vile vishimo viwili vya chini ya kisogo ambamo mtu huweka uchovu wa siku nzima. Hapo hukaa zaidi. Mkosho wa kwanza ni wa mafuta na vumbi, na povu lake ni dogo. Wa pili ndio wenye povu. Kisha kusuza, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Yeye husuza mpaka maji yatiririke safi na nywele zilie baina ya vidole. Kondishena hupakwa katikati ya nywele na nchani, haipakwi shinani. Maji ya mwisho huwa ya baridi kidogo. Taulo hukamua, haisugui.

Yote haya huchukua dakika zipatazo 25, na bei yake ni ndogo kuliko ya jambo lolote jingine linalofanywa humo ndani.

Asidhani msomaji kwamba hii ni anasa tupu. Mteja aliyetiwa dawa ya kunyoosha nywele amepakwa kitu kikali kama magadi, na katika dawa nyingi kitu hicho ni haidroksaidi ya sodiamu, ambayo huvunja vifungo vya ndani ya unywele na, ikikaa kupita muda wake, hula ngozi. Haiondoki kwa kufutwa. Hutaka maji mengi, kisha shampuu ya kuzimua yenye asidi kidogo. Na dawa iliyosahauliwa nyuma ya sikio hujitokeza baada ya siku mbili tatu kwa kidonda na kigaga. Hali kadhalika shingo. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la utabibu habari za wanawake waliopatwa na dalili za kiharusi baada ya kulazwa kwenye sinki la saluni, shingo imepinda nyuma kupita kiasi, mishipa inayopandisha damu kwenye ubongo ikabanwa. Ni jambo la nadra, lakini si hadithi. Msusi huyu hakuwahi kulisoma jarida hilo. Taulo yake iliyokunjwa mara nne aliipata kwengine, na huko ndiko yalikoanzia mambo yote yatakayosimuliwa hapa.

Neno shampuu limesafiri safari ndefu kuliko chupa zake. Lilizaliwa Bara Hindi, katika kitenzi chenye maana ya kubinya na kukanda. Asili yake ni amri, kama kumwambia mtu: kanda! Waingereza waliliokota katika karne ya 18 kwa maana hiyo hiyo ya kukandwa mwili. Aliyelipa umaarufu kwao ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna mwaka 1759, ambaye alihamia Ireland kisha Uingereza, akafungua nyumba ya mvuke na ukandaji katika mji wa Brighton ulio ufukweni mwa bahari, akachapisha kitabu juu ya kazi yake mwaka 1822, na akateuliwa kuwa mkandaji wa wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne. Umaarufu wake haukuwa wa kuosha nywele. Ni katika nusu ya pili ya karne ya 19 ndipo neno lilipopanda kutoka mgongoni hadi kichwani, halafu likaviacha vidole kabisa na kuingia chupani. Mfasiri anayekutana nalo katika maandishi ya siku za Dean Mahomed, akaandika kuosha nywele, amemdhulumu msomaji wake. Aandike kukanda, au kuchua.

Sisi wa visiwani neno lilitufikia likiwa limeshatiwa chupani, na huenda ndiyo sababu tukasahau kwamba jambo lenyewe tulikuwa nalo. Tunakanda, tunachua, tunasinga. Bi harusi husingwa kwa liwa na singo na somo wake, na hakuna anayedhani kwamba kusinga ni kuondoa uchafu. Katikati ya karne ya 19 Sayyid Said aliwajengea hamamu Kidichi yeye na mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga nyingine ya watu wote ndani ya Mji Mkongwe, ambayo mpaka leo mtaa wake unaitwa Hamamni. Hamamu hizo hazina maji tena. Watalii huzunguka mabirika makavu wakipiga picha dari. Kukandwa kichwa kumehamia Ng'ambo, nyuma ya mapazia.

Na kuna kitenzi kimoja zaidi ambacho hakina budi kutajwa. Kwa Kiswahili cha Unguja hukoshwa sahani, hukoshwa kichwa, na hukoshwa maiti.

Mwezi wa Mei 2008 njia ya umeme iletayo nguvu kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara iliharibika, na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Disemba 2009 balaa lile likarudi, na mara hii giza lilidumu kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waliokuwa na majenereta walifanya kazi kwa kelele na moshi. Saluni hii haikuwa na jenereta. Drya zilifunikwa kanga kama wagonjwa, pasi zikalala droo, na kwa kuwa pampu nazo zilinyamaza, bomba la sinki likatoa pumzi tu. Maji yalinunuliwa kwa madumu, na yaliyotoka visima vya karibu na bahari yalikuwa na chumvi ya kuzikausha nywele. Wateja walipungua mpaka msusi akawa anakaa barazani akichambua mchele wa jirani.

Mmoja hakupungua. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe laini, ambaye kwa miaka mingi alikuja kila Alhamisi ya pili, baada ya sala ya alasiri, ili Ijumaa imkute kichwa safi. Alhamisi ya kwanza ya giza la 2009 alifika kama kawaida. Msusi akatoka mlangoni kumpokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeme hakuna, maji hakuna. Sina cha kukukaushia."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaushwa mimi. Nimekuja kukoshwa."

Msusi akawasha seredani uani, akatia maji ya dumu sufuriani, akatafuta kata ya kifuu iliyokuwa imetupwa juu ya kabati. Maji ya mvua za vuli alikuwa ameyakinga kwenye ndoo mbili, akayaweka kando kwa kusuzia. Alimkosha bila bomba, kata moja baada ya nyingine, mkono mmoja chini ya kisogo, mwengine ukimimina. Pazia lilikuwa limefunguliwa nusu ili mwanga uingie. Hapakuwa na redio, wala drya, wala wateja wengine. Sauti pekee ilikuwa ya maji yakirudi ndooni.

Watu husema mengi wakiwa wamelala kwenye sinki. Huenda ni kwa sababu macho yamefumba, na anayesikiliza amesimama nyuma ambako uso wake hauonekani. Humo ndani zimesemwa talaka kabla hazijatolewa, na mimba kabla waume hawajajua. Mwalimu hakuwa na mazoea ya kusema. Lakini siku hiyo aliuliza, macho yamefumba:

"Nani aliyekufunza kukosha?"

"Bibi yangu."

"Alikuwa msusi?"

Kata ilijaa, ikamiminwa, ikajaa tena.

"Alikuwa mkosha, Mwalimu."

Mwalimu hakujibu mpaka nywele zilipoanza kulia. Kisha akasema, "Nilidhani hivyo. Mikono yako haigombani na mtu."

Jambo hilo msusi alikuwa hajamwambia mteja yeyote. Bibi yake alikuwa akiitwa mtaa mzima alipofariki mwanamke, usiku au mchana, na tangu akiwa na miaka 9 au 10 mjukuu alikuwa akimbebea maji, na alipokua akaingia ndani ya pazia kusaidia. Huko ndiko alikojifunza kwamba taulo hukunjwa ili kichwa kisipige ubao. Alijifunza kupima maji kwa kiwiko. Alijifunza kutovuta fundo. Bibi alikuwa akimwambia: aliye hai maji yakimuunguza atapiga kelele, lakini huyu hawezi, basi kwa huyu ndiyo utulize mkono. Kijana wa umri ule aliyaona maneno hayo ya ajabu. Alipokuja kushika vichwa vya walio hai, aliendelea kuwakosha kama watu wasioweza kusema, na walio hai wakaona wamepata raha wasiyoijua jina lake.

Kwa nini alificha? Si kwa sababu ya dini. Dini inalihesabu jambo hilo faradhi ya watu wote, ambayo mmoja akiitenda huwaondolea wengine dhima. Aliogopa harusi. Saluni huishi kwa mabiharusi, na zipo familia ambazo hazitaki mkono uliomshika maiti umguse bi harusi, wakiita nuksi. Ukiwauliza wameipata wapi, hawasemi. Lakini huchukua pesa zao wakaenda saluni ya pili. Kwa hiyo bibi alipofariki, mjukuu akamkosha, kisha hakwenda tena kumkosha mtu.

Umeme ulirudi, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa baharini. Bomba la sinki likapona. Mwalimu aliendelea na Alhamisi zake, na suala la bibi halikutajwa tena baina yao, isipokuwa kwamba tangu siku ile, kila alipolala, shingo yake ilitulia mara moja, bila kungojewa.

Miaka michache baadaye, asubuhi ya mapema katika msimu wa kusi, binti yake mkubwa alibisha hodi nyumbani kwa msusi. Alikuwa amejitanda kanga mbili na macho yamevimba.

"Dada, mama katutoka usiku. Kaacha neno. Kasema kichwa chake akikoshe mwenye kukijua."

Siku hiyo palikuwa na bi harusi wa saa nne, ambaye arubuni yake ilikuwa imeshatumika kununulia dawa na maua. Nyumba ya Mwalimu na nyumba ya bi harusi hazikupishana ila kwa vichochoro viwili. Hapakuwa na njia ya kwenda pasipo kujulikana. Msusi alisimama kwa muda kizingitini. Kisha akamtuma mtoto wa jirani ampelekee mwanafunzi ufunguo wa saluni, akaingia ndani kuchukua chanuo jipya la meno mapana ambalo lilikuwa bado halijatolewa kwenye mfuko wake.

Waliokuwamo ndani ya pazia walikuwa wanne. Wengine walishika maji na kitambaa, na kichwa akaachiwa yeye. Misuko miwili myembamba aliyoisuka mwenyewe wiki iliyotangulia aliifumua. Majani ya mkunazi yalikuwa yamepondwa na kutiwa majini mpaka yakatoa povu lake jepesi la kijani, kama bibi alivyokuwa akiyatumia, na kama mabibi wengine walivyoyatumia kukoshea vichwa vyao wenyewe kabla ya chupa kuja. Alipima maji kwa kiwiko. Aliweka mkono chini ya kisogo. Ubavu wa mkono wa kushoto uliinuka juu ya nyusi na kusimama pale, ukizuia maji yasiingie machoni, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akimimina alitazama mkono ule bila kusema neno. Mkosho wa mwisho ulikuwa wa maji ya kafuri. Alizichana nywele polepole, na zile chache zilizobaki kwenye chanuo alizikusanya, kwani hurejeshwa kwa mwenyewe ndani ya sanda. Kisha akazisuka mikili mitatu, akailaza nyuma.

Alifika saluni baada ya adhuhuri. Mwanafunzi alikuwa amekaa peke yake. Shangazi wa bi harusi alikuwa ameshakuja, akataka arubuni yake, akaambiwa haipo, akasema maneno, akaondoka. Katika wiki zilizofuata mabiharusi wengine wawili hawakutokea, na mama wa mwanafunzi akaja kwa upole kusema kwamba binti yake ana masomo ya kompyuta. Msusi aliirejesha arubuni ya shangazi kidogo kidogo, kwa mafungu matatu. Hakumweleza mtu yeyote. Alhamisi ya pili, baada ya alasiri, alikuwa akilifuta sinki ingawa halikuwa na uchafu.

Lakini waja wa kukoshwa hawakupungua. Waliongezeka kidogo, wanawake watu wazima wa mitaa ya jirani, ambao hawakusema wamesikia nini wala kwa nani. Walilala, wakafumba macho. Mmoja wao aliuliza tu, maji yakipita, kama msusi anazo siku asizofanya kazi. Akajibiwa kwamba hodi hubishwa siku yoyote.

Shangazi alikuja baada ya miezi minane au tisa, wakati masika yameshaanza na maji ya mvua yamejaa kwenye pipa la uani. Alikuwa amefumua misuko yake nyumbani. Hakulitaja jambo lililopita, na msusi hakulitaja. Buibui likatundikwa msumarini. Taulo ikakunjwa mara nne. Shangazi akalala kwenye sinki, macho wazi, akitazama dari, akasema ametulia, na mkono wa msusi chini ya kisogo chake ukahisi kwamba kichwa bado anakibeba mwenyewe. Msusi hakufungua maji. Alisimama pale, mvua ikipiga bati, akingoja.